Annie Besant na gharama ya kuuliza

Jina la Annie Besant likitajwa darasani, aghalabu hutajwa mara moja na kuachwa papo hapo: ndiye mwanamke wa kwanza kuwa rais wa chama cha Congress cha India, mnamo Desemba 1917, naye wala hakuwa Mhindi. Mwanafunzi huliandika jina hilo daftarini, akalikariri kwa ajili ya mtihani, kisha likamtoka. Nami sikusudii kuzirudia hapa siasa za India, ambazo vitabu vimezieleza vya kutosha. Ninalotaka kulisimulia ni lile ambalo vitabu hivyo hulipitia mbio, pengine kwa kuona haya: jinsi binti aliyelelewa katika Ukristo wa Kiingereza ulio mkali alivyoiacha dini ya utotoni mwake, akaishi miaka kumi na mitano bila kumkiri Mungu yeyote, na hatimaye akajitafutia njia yake mwenyewe katika elimu ya siri.

Neno hili, elimu ya siri, linataka ufafanuzi mapema. Kwetu sisi, mtu asikiapo habari za mambo ya ghaibu, fikira humwendea mpiga ramli, mganga, au mchawi wa usiku. Sivyo alivyoelewa Besant. Katika kizazi chake huko Ulaya na Marekani walikuwapo watu walioshikilia kwamba nyuma ya dini zote iko hekima moja kongwe, iliyohifadhiwa na wateule wachache, na kwamba nafsi ya binadamu ina nguvu ambazo sayansi haijapata kuzipima. Kama itikadi hiyo ni kweli ama ni ndoto, nitasema nionavyo baadaye. Kwanza tumtazame mtoto.

Alizaliwa London tarehe 1 Oktoba 1847, akaitwa Annie Wood. Baba yake alifariki mwaka wa 1852, naye Annie akiwa na miaka mitano tu. Mama mjane, asiye na mali, alihamia Harrow, akafungua nyumba ya kuwalaza na kuwalisha wavulana waliosoma katika shule mashuhuri ya mji huo, ili mwanawe wa kiume naye apate nafasi pale. Annie alichukuliwa kulelewa na bibi mmoja mcha Mungu, Ellen Marryat, dada yake Kapteni Frederick Marryat, yule mwandishi wa riwaya za baharini. Hapa naomba walimu watege sikio. Bibi Marryat hakupenda watoto wakariri wasichokielewa. Badala ya kuwatwika orodha za tahajia, aliwatembeza nje, kisha akawataka waandike barua nyumbani kueleza walichokiona kwa macho yao. Jumapili, hata hivyo, haikuwa siku ya michezo, na Biblia ndiyo iliyokuwa juu ya kila kitabu. Basi mtoto huyu alifunzwa mambo mawili kwa wakati mmoja: kuamini bila shaka, na kutazama kwa makini. Nayo mambo hayo mawili hayakuweza kukaa nyumba moja milele.

Katika ujana wake Annie alikuwa mshika dini kuliko wazazi wa wengi wetu. Alifunga siku zote ambazo kanisa liliagiza kufunga. Aliwasoma mababa wa kanisa la kale. Kuna nyakati alijichapa mwenyewe apate kujua kama angeweza kustahimili maumivu waliyoyastahimili wafia dini. Mwaka wa 1866, katika juma la kabla ya Pasaka, alikaa kitako ili aishi upya siku za mwisho za Yesu, siku baada ya siku. Kwa kuwa alikuwa mwanafunzi mzuri wa Bibi Marryat, alichukua karatasi, akachora safu nne, moja kwa kila Injili, akaanza kuyapanga matukio yalingane. Hayakulingana. Alilolikuta katika safu moja lilipingana na lililokuwa katika safu nyingine. Alishtuka kama mtu aliyekanyaga nyoka kitandani. Akaifunga kazi ile upesi, akajilaumu kwa kumpa shetani nafasi, akajitwisha mfungo wa toba.

Ninaposoma habari hiyo humkumbuka msichana mmoja wa kidato cha pili niliyepata kumfundisha zamani. Katika somo la dini alimwuliza mwenzangu swali ambalo kila mtoto mwenye akili huliuliza siku moja: Kaini alimwoa nani? Alitolewa nje ya darasa hata kipindi kikaisha. Nilimkuta chini ya mwarobaini, nikamwuliza amefanya kosa gani, akanijibu kwa adabu kwamba hajui. Sijui leo msichana huyo anaabudu wapi. Ninachojua ni kwamba hakuuliza tena, katika somo lile wala katika langu.

Turudi kwa Annie. Mwezi Desemba 1867 aliolewa na Frank Besant, kasisi kijana aliyekuwa pia mwalimu. Aliolewa bila mapenzi makubwa, akidhani kuwa mke wa kasisi ni kuwa karibu zaidi na madhabahu. Mwana wa kiume, Digby, alizaliwa Januari 1869. Binti, Mabel, Agosti 1870. Mume alikuwa mtu wa amri, mke alikuwa mtu wa hoja, na ndoa ikawa baridi mapema. Kilichoivunja imani yake, hata hivyo, kilikuwa ugonjwa. Mwaka wa 1871 Mabel alipatwa na kifaduro. Wiki baada ya wiki mama alimpakata mtoto anayepaliwa na kikohozi hata pumzi ikakaribia kukatika. Mtoto alipona, mama hakupona. Alianza kujiuliza ni Mungu gani mwema awezaye kumtesa kiumbe asiyejua kutenda dhambi. Safari hii hakuifunga karatasi.

Alisoma vitabu vya waliotetea imani na vya walioipinga. Alikwenda hata Oxford kumwona Dkt. Pusey, mmojawapo wa wanazuoni wakubwa wa kanisa la Kianglikana, akitumaini kwamba elimu nyingi ya mzee yule itamjibu. Mzee alimpokea kama mtu aliyekuja kutubu, ilhali yeye alikuwa amekuja kuuliza. Alimwambia kwamba amekwisha kusoma kupita kiasi, aache vitabu na kusali, tena asiwaambie wengine habari za kutoamini kwake. Mimi huiona safari hiyo ya Oxford kuwa ndiyo njia panda ya maisha yake yote. Mwenye maswali akifika kwa mwenye elimu na kufungiwa mlango, hatakosa kupiga hodi penginepo.

Mwaka wa 1872 mumewe alipewa parokia ya Sibsey katika jimbo la Lincolnshire. Huko Annie aliwauguza wanakijiji maskini na kuhudhuria ibada, lakini ilipofika zamu ya kukaribia meza ya Bwana aliinuka na kutoka nje ya kanisa. Wanakijiji walidhani mama kasisi ni mgonjwa. Siku moja alijifungia peke yake ndani ya kanisa tupu, akapanda mimbarini, akaanza kuhubiri kwa sauti kwa viti visivyo na watu, na hapo ndipo alipotambua kwamba amezaliwa na kipawa cha kusema. Mwanamke wa wakati huo hakuwa na nafasi katika mimbari yoyote. Mwaka wa 1873 mume alimpa mambo mawili achague: ashiriki meza ya Bwana kama mke wa kasisi apasavyo, ama aondoke nyumbani. Aliondoka. Kwa mapatano ya kutengana, baba alibaki na Digby, naye mama akaondoka na Mabel.

Lipo tukio moja la mwaka wa 1874 ambalo siwezi kuliruka. Mama yake alikuwa kufani, akitamani kupokea ushirika mtakatifu kwa mara ya mwisho, lakini akaapa hatapokea mpaka Annie apokee pamoja naye. Afadhali apotee pamoja na mwanawe kuliko kuokoka peke yake. Makasisi wawili walikataa kumpa sakramenti mtu asiyeamini. Annie akaenda kwa Stanley, mkuu wa kanisa la Westminster Abbey, akamweleza ukweli wote bila kuficha. Stanley alikuja mwenyewe kitandani kwa mgonjwa, akawapa wote wawili, kwa hoja kwamba meza ile iliwekwa ili kuwaunganisha watu, haikuwekwa kuwatenga. Mama alifariki kwa amani mwezi Mei mwaka huo. Tukimlinganisha Stanley na Pusey, twaona kwamba Annie hakulikimbia kanisa lililokosa watu wema. Alilikimbia kwa sababu hata wema wa Stanley haukuwa jibu la swali lake.

Mwaka huo huo alikutana na Charles Bradlaugh, kiongozi wa Waingereza waliomkana Mungu hadharani, akajiunga na chama chake, akaandika katika gazeti lake, akahutubia kumbi zilizofurika. Mwaka wa 1877 wawili hao walichapisha upya kijitabu cha daktari mmoja Mmarekani, Charles Knowlton, kilichoeleza jinsi ya kupanga uzazi. Walishtakiwa kwa kueneza uchafu. Annie alijitetea mwenyewe mbele ya jaji na baraza la wazee, jambo ambalo wanawake hawakulizoea kabisa. Walihukumiwa kifungo cha miezi sita na faini ya pauni 200 kila mmoja, lakini rufani iliwaokoa mwezi Februari 1878 kwa kasoro iliyokuwamo katika hati ya mashtaka.

Adhabu yenyewe ilikuja kwa mlango mwingine. Frank Besant alikwenda mahakamani kudai mtoto. Kesi ilisikizwa na Sir George Jessel, ambaye hakuficha kuudhika kwake kwa kumwona mwanamke akijisemea bila wakili. Uamuzi ukatoka mwezi Mei 1878: mama asiyeamini Mungu, aliyechapisha kijitabu kama kile, hafai kumlea binti. Mabel, ambaye hakuwa ametimiza miaka minane na ambaye alikuwa ndio kwanza ainuke kitandani baada ya homa kali, alichukuliwa kwa nguvu huku akilia. Hakuna aliyemwuliza yeye alitaka kukaa na nani. Mama alipewa haki ya kuwatembelea watoto, lakini ziara zenyewe ziliwatonesha kidonda kila mara, akaamua kuwaacha mpaka wakue. Walipokua, wote wawili walimrudia.

Wapo wasemao kwamba kuacha dini ni njia ya mkato ya mtu anayetaka kuishi apendavyo. Hao wangefaa kumwona Annie Besant katika mwaka wa 1878.

Miaka kumi iliyofuata naipitia kwa haraka ijapokuwa ndiyo iliyompa sifa kubwa kwao. Alisoma sayansi, akawafundisha wafanyakazi jioni. Mwaka wa 1885 alijiunga na Wasoshalisti wa Fabian, akina George Bernard Shaw. Mwezi Juni 1888 aliandika makala kuhusu wasichana wa kiwanda cha viberiti cha Bryant & May, waliokatwa mishahara kwa makosa madogo na kuozwa taya na fosforasi; mwezi Julai wasichana wapatao 1,400 waligoma, na kwa msaada wake wakashinda katika muda wa majuma machache. Mwezi Novemba mwaka huo alichaguliwa katika Bodi ya Shule ya London, ambako alipigania watoto wenye njaa walishwe shuleni. Walimu wanaojua hali ya mtoto anayesinzia saa nne asubuhi kwa sababu hakula jana hawahitaji kuelezwa maana ya jambo hilo.

Basi ilikuwaje mtu wa namna hii, mwenye sayansi mkono mmoja na mgomo mkono wa pili, akaingia katika elimu ya siri? Wenzake walishindwa kuelewa, na wengi wa walioandika habari zake wameshindwa vilevile. Wengine wametafuta sababu katika wanaume aliofuatana nao, kana kwamba mwanamke hawezi kubadili fikira bila kuvutwa mkono. Mimi naona sababu zilikuwa mbili, na zote zilikuwa zake. Kwanza, sayansi aliyoisoma haikumweleza fikira ni kitu gani: jinsi gani nyama ya ubongo huota ndoto, hukumbuka, hujitoa mhanga. Alikuwa ameanza kuchunguza habari za watu wanaolazwa usingizi wa kiinimacho na wanaodai kuona yaliyofichika, na hakuridhika na jibu kwamba yote ni ulaghai. Pili, aliona kwamba mgomo huleta mshahara lakini hauleti udugu, naye alihitaji msingi wa udugu ulio mzito kuliko hesabu za uchumi.

Mapema mwaka wa 1889 mhariri W. T. Stead alimpa vitabu viwili vizito avihakiki. Kilikuwa kitabu cha Helena Blavatsky, mwanamke wa Kirusi aliyeanzisha Chama cha Theosofia pamoja na Olcott na Judge huko New York mwaka wa 1875. Humo mlidaiwa kwamba dini zote ni matawi ya mti mmoja. Kwamba roho hurudi duniani mara nyingi katika miili mbalimbali, kila moja ikivuna ilichopanda. Kwamba wako Mabwana wenye hekima, wakaao upande wa Tibet, wanaoongoza maendeleo ya binadamu kwa siri. Na kwamba wanadamu wote ni ndugu pasipo kujali kabila, dini, jinsia wala rangi. Annie alisoma kama mtu mwenye kiu. Akaenda kumwona mwandishi nyumbani kwake London.

Blavatsky, kwa sifa yake, hakumvuta kwa hila. Alimwuliza kama amesoma taarifa iliyotolewa mwaka wa 1885 na chama cha uchunguzi wa mambo ya nafsi, ambayo ilimtangaza Blavatsky kuwa mwongo aliyeziandika mwenyewe barua alizodai zimetoka kwa Mabwana. Alimtaka aisome kwanza, halafu arudi ikiwa bado anataka kurudi. Annie aliisoma, akaamua kwamba mashahidi wake hawaaminiki, akajiunga mwezi Mei 1889. Kwa haki niongeze kwamba mwaka wa 1986 chama kile kile kilichapisha uchunguzi mwingine ulioulaumu ule wa kwanza kwa upendeleo, hasa katika suala la mwandiko. Lakini kuilaumu taarifa hakuthibitishi kwamba Mabwana wale walikuwako.

Bradlaugh alihuzunika. Shaw alishangaa. Naye Annie alilipa tena, maana hakuwa mtu wa kuhama nyumba akaacha funguo mfukoni. Kijitabu chake mwenyewe cha kupanga uzazi, alichokiandika mwaka wa 1877 na ambacho kilikuwa miongoni mwa sababu za kupokonywa Mabel, alikiondoa sokoni mwaka wa 1891, kwa kuwa imani yake mpya ilimfunza kuutawala mwili badala ya kuukinga. Alikuwa amepoteza mtoto kwa ajili ya fikira ambayo sasa aliiacha.

Kisha likaja jambo ambalo mimi, pamoja na heshima yote niliyo nayo kwake, siwezi kulitetea. Blavatsky alifariki mwezi Mei 1891, nyumbani kwa Annie. Miezi mitatu baadaye Annie alisimama katika ukumbi ule ule wa wakanamungu ambamo alikuwa amehutubia kwa miaka mingi, akawaaga, akawaambia kwamba amepokea barua kutoka kwa Mabwana kwa mwandiko ule ule wa zile za zamani, hali Blavatsky amekufa, na kwa hivyo yeye si mwongo. Haukupita muda ikawa mzozo ndani ya chama chenyewe: Annie mwenyewe alishiriki kumshtaki Judge kwamba barua alizozitoa alizitunga. Chama kikapasuka mwaka wa 1895. Swali linalonisumbua ni hili: zile safu nne za mwaka wa 1866 zilikwenda wapi? Aliyezilinganisha Injili neno kwa neno, mbona barua hizi hakuzichorea safu?

Mwaka wa 1893 alifika India, akapapenda kuliko kwao. Alivaa sari nyeupe, akajifunza Kisanskriti, akaifasiri Bhagavad Gita. Mwaka wa 1898 aliasisi chuo cha Central Hindu College huko Benares, ambacho mwaka wa 1916 kilikuwa kitovu cha Chuo Kikuu cha Banaras. Mwaka wa 1904 akaongeza shule ya wasichana. Vijana wa Kihindi waliofundishwa na wakoloni kuionea haya dini ya mababu zao walimsikia mwanamke wa Kizungu akiwaambia kwamba dini hiyo ina hazina. Hata Gandhi, ambaye alikutana na Blavatsky na Besant London mwaka wa 1889 akiwa mwanafunzi wa sheria, aliisoma Gita kwa mara ya kwanza kwa kuombwa na wafuasi wawili wa Theosofia. Yafaa tukumbuke hayo tunapoharakisha kucheka.

Na pa kucheka pako. Pamoja na mwenzake, C. W. Leadbeater, alichapisha mwaka wa 1908 kitabu cha kemia iliyochunguzwa kwa jicho la ndani, bila darubini wala mizani. Humo wasomaji waliambiwa kwamba atomi moja ya haidrojeni ina chembe 18 zilizoonekana kwa njia hiyo. Mwalimu wa Kemia atatikisa kichwa, na atakuwa na haki: haidrojeni ya kawaida ni protoni moja na elektroni moja, na madai ya wawili hao hayakupata kuthibitishwa na mtu yeyote aliyepima.

Mwaka wa 1907 Annie alikuwa rais wa Chama cha Theosofia, makao yake yakiwa Adyar, kando ya bahari huko Madras. Mwaka wa 1909 Leadbeater aliona ufuoni mvulana wa miaka kumi na minne, mnyonge, aliyepigwa shuleni kwa kudhaniwa zuzu. Jina lake Krishnamurti. Baba yake, Narayaniah, alikuwa mjane na mwanachama aliyefanya kazi za ofisi pale pale. Leadbeater alitangaza kwamba kijana huyo ndiye atakayekuwa chombo cha Mwalimu wa Ulimwengu. Annie aliamini. Machi 1910 Narayaniah alitia sahihi kumfanya Annie mlezi wa Krishnamurti na mdogo wake Nitya, na mwaka wa 1911 jumuiya nzima iliundwa kumsubiri Mwalimu huyo, ikaitwa Nyota ya Mashariki.

Baba alijuta. Leadbeater alikuwa amekwisha kujiuzulu chama mwaka wa 1906 kwa kashfa iliyohusu mashauri aliyowapa wavulana, kisha akarudishwa, na Narayaniah hakutaka wanawe wawe karibu na mtu huyo. Mwaka wa 1912 alikwenda mahakamani kuwadai. Annie, kama kawaida yake, alijitetea mwenyewe. Mahakama ya Madras iliamua mwaka wa 1913 kwamba watoto warudi kwa baba yao. Annie akakata rufani mpaka Baraza la Kifalme mjini London, mahakama ya mwisho ambayo hata rufani za Kenya ya kikoloni zilipata kufika, na Mei 1914 akashinda, kwa sababu mojawapo kwamba wavulana walikuwa Uingereza na hawakuwa wameulizwa matakwa yao.

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Mwanamke aliyepokonywa binti kwa sababu ya imani yake alisimama mahakamani kumzuilia baba wa watu wanawe kwa sababu ya imani yake vilevile. Watetezi wake husema wavulana walimpenda, na ni kweli, Krishnamurti alimwita mama mpaka mwisho. Husema pia kwamba aliwaokoa na ufukara na viboko. Yote hayo nayakubali. Lakini jaji wa mwaka wa 1878 naye aliamini kwamba anamwokoa Mabel.

Vita vikaja, siasa zikaja, kifungo cha nyumbani cha mwaka wa 1917 kikaja, na urais wa Congress ukaja. Ndani ya hayo yote Annie alimsubiri Mwalimu. Mwezi Novemba 1925, Annie na Krishnamurti wakiwa melini kuelekea India, simu ya maandishi iliwakuta Suez: Nitya, aliyekuwa akiugua kifua kikuu, amefariki California akiwa na miaka 27. Krishnamurti alikuwa amehakikishiwa kwamba Mabwana hawatamwacha ndugu yake afe, kwa kuwa kazi inamhitaji. Alilia siku kadhaa chumbani mwake melini. Alipotoka hakuwa mtu yule yule.

Tarehe 3 Agosti 1929, huko Ommen nchini Uholanzi, mbele ya maelfu ya wafuasi na mbele ya Annie Besant mwenyewe, mama wa miaka 81 aliyetangaza kuja kwake duniani kote, Krishnamurti aliivunja jumuiya iliyoundwa kwa ajili yake. Aliwaambia kwa ufupi kwamba kweli haina barabara iliyochongwa, haifikiwi kupitia dini wala chama chochote, na kwamba yeye hataki wafuasi. Mali na ardhi zilirudishwa kwa waliozitoa.

Ni pigo gani lingeweza kumpata mzee kuliko hilo? Hata hivyo hakumlaani kijana wala hakumkana. Wala hakuuacha uongozi wa chama ambacho kijana huyo alikuwa amekitoroka. Nimewahi kuwasikia wasomi wakisema kwamba alikuwa amechoka, fikira zimemtoka. Huenda. Ila mimi naona kwamba pale Ommen alimsikia mtu akisema mbele ya umati yale aliyopata kuyasema yeye katika kanisa tupu la Sibsey, mwaka wa 1873, na alikuwa na akili ya kutosha kuitambua sauti hiyo.

Alifariki Adyar tarehe 20 Septemba 1933, wiki moja na ushei kabla ya kutimiza miaka 86, na mwili wake ukachomwa huko huko kwa desturi ya Kihindi. Krishnamurti aliishi mpaka mwaka wa 1986. Miongoni mwa alivyoviacha ni shule ya Rishi Valley, katika bonde lisilo mbali na Madanapalle alikozaliwa, shule ambayo mizizi yake imo katika jitihada za elimu za Annie Besant. Kwa miaka mingi alikuwa akifika huko kila mwaka, akiketi na wanafunzi na walimu wao, na kuwataka wamwulize lolote.